Mbio za Kupunguza Tumbo

Daktari aliniambia nikimbie nusu saa kila asubuhi ili tumbo lipungue na misuli ikaze. Jumatatu nikatoka nyumbani mtaa wa Gudele kwa mbio, nikaingia soko la Jebel nikihema, fulana imelowa jasho. Mama muuza chai aliponiona alimwaga maji ya birika juu ya makaa, akamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge na kushika njia. Wauza mboga wawili wakamfuata bila kuuliza neno.

"Mama, ngoja," nikamwita.

Akasimama. "Risasi iko wapi?"

"Hakuna risasi. Nafanya mazoezi tu, napunguza tumbo."

Alilitazama tumbo langu kwa muda mrefu. Hakucheka.

"Sisi hapa, mtu mzima akikimbia, tunakimbia. Kuuliza ni baadaye. Mwaka ule wa vita, bwana wangu alibaki nyuma kuuliza."

Akarudi kuwasha jiko upya, lakini mtoto hakumshusha mgongoni.

Siku hizi napita sokoni polepole, nimelitanguliza tumbo, ili kila mtu aone kwamba leo bado kuna amani.