Linux ya Mume Wangu na Madam wa Jirani

Mume wangu anafundisha Keringet na huja nyumbani Nakuru Ijumaa jioni. Kwa hivyo mimi nina mume wa siku mbili kwa wiki, na mwaka jana hata hizo mbili nilianza kugawana na madam wa nyumba jirani.

Madam anafundisha kompyuta kwenye chuo kimoja cha ufundi hapa mjini. Hana mume, ana miguu mizuri, na anajua Linux. Miguu ningemsamehe.

Laptop ya mume wangu ilikuwa imezeeka. Ukiiwasha, unateleka maji, unasonga ugali, unaipua, na bado kale kaduara kanazunguka tu. Siku moja madam akamwambia kwamba Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama Windows, ni nyepesi, ingeifufua hiyo mashine, na si lazima aondoe Windows. Zote mbili zinakaa ndani, ukiwasha unachagua unayotaka. Hapo ndipo aliponaswa, maana programu ya shule ya kuingiza alama inafanya kazi kwa Windows peke yake. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi baada ya chai, laptop kwapani, huyoo kwa madam. Leo wanahamisha mafaili. Leo wanaangalia nafasi iliyobaki. Leo anaonyeshwa laptop ya madam inavyokimbia. Kuiweka kwenyewe, ati Jumamosi ijayo. Haki ya Mungu, watu hujenga nyumba na kuhamia kwa muda huo!

Ukuta wetu na wake ni mmoja, na fundi aliyeujenga aliiba simiti. Ukikaa kwenye kiti cha karibu nao unasikia kila neno. Nami nilikaa. Hawakusema lolote baya, na hilo ndilo liliniudhi, kwa sababu ningesikia baya ningejua la kufanya. Mume wangu alichofanya kule ni kucheka. Kicheko cha kutoka tumboni, kile alichokuwa akinichekea wakati ananitafuta. Kwangu alikuwa akija na rundo la karatasi za kusahihisha, anauliza kama maji yamekuja, basi.

Nikamwambia, "Hiyo kitu si kuna video za kufundisha? Lazima uende kwa mtu?"

"Madam amesema anayeanza asijaribu peke yake. Ukikosea unafuta kila kitu."

Madam amesema. Kwa nyumba yangu, madam alikuwa ananukuliwa kuliko Biblia.

Nikaamua nitaiweka mimi. Mimi ni karani kwenye agrovet, duka la mbegu na dawa za mifugo, na wiki nzima saa ya lunch nilitazama hizo video huku wenzangu wakinicheka kwamba nataka kuwa injinia. Nikaiweka Linux kwenye flash kwa kompyuta ya kazini. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Laptop ikishapona, hatakuwa na sababu ya kubisha mlango ule, na kicheko chake kitarudi kwangu.

Jumamosi akaenda mazishi Ndabibi na walimu wenzake. Geti lilipofungwa tu, nikaivuta laptop. Kwanza nikanakili kazi zake zote kwenye flash nyingine, maana nilikuwa na wivu, sikuwa mwendawazimu. Nikaizima, nikachomeka ile ya Linux, nikawasha huku nikibonyeza F12 kama nilivyoonyeshwa. Ikaja! Nikafika pale inapouliza ikae wapi. Kwenye video kuna chaguo la kuiweka kando ya Windows. Kwangu halikuwepo. Lililokuwepo ni la kufuta diski nzima. Nikarudia tangu mwanzo, ni lile lile.

Na nani alikuwa nje anaanika nguo? Nikachukua taulo mbili kavu nikazilowesha, nikatoka na beseni kama mtu aliyekuwa anafua. Wacha wee, huyo mwanamke hata kuanika kunampendeza.

"Sasa, madam."

"Poa, dada. Mwalimu ameenda Ndabibi?"

Mpaka mazishi anajua! "Ameenda. Hebu nikuulize, kuna mtu wa kazini anataka kuweka Linux, na hiyo chaguo ya kando ya Windows haioni."

"Alizima Windows kawaida?"

"Kawaida tu."

"Hiyo huwa imelala, haijazimika. Mwambie airudie Windows, aizime akiwa ameshikilia Shift. Ndio ajaribu tena." Akaniangalia, akaangalia taulo zangu, akatabasamu. "Asiogope. Atafaulu."

Si hata angeringa kidogo, nimchukie kwa raha?

Nikafanya alivyosema, na chaguo likaonekana. Nikaigawa diski, huku Windows, huku Linux, nikabonyeza, nikaomba dua ambayo naona haya kuirudia. Ilipowaka upya, ukatokea ukurasa mweusi wenye majina yote mawili. Nikajaribu Linux, ikafunguka mara moja. Nikajaribu Windows, kaduara ni kale kale, lakini programu ya alama ipo, mafaili yapo. Nikacheza peke yangu sebuleni, nimeuelekea ukuta ule.

Jioni akaingia na vumbi la Ndabibi kwenye viatu. Nilikuwa nimepika kuku wa kienyeji. Nikamwekea laptop mbele. "Washa."

Akawasha, akachagua, ikafunguka kabla hajavua kiatu cha pili.

"Nani ameweka?"

"Mimi."

"Wewe?" Akacheka, kicheko chenyewe, akanishika mkono, na moyo wangu ukatulia kabisa. Nikajua nimeshinda.

Kisha akaifunika laptop akasimama. "Wacha nionyeshe madam."

"Chakula kinapoa."

"Dakika mbili tu."

Nikasikia akibisha, mlango ukafunguliwa. Nikakaa kwenye kile kiti.

"Heh!" madam akasema. "Nani amekuwekea?"

"Nimeweka mwenyewe."

Madam alijua mwalimu ameshinda mazishini tangu asubuhi, na alijua nani alimuuliza habari za Linux pale kwenye kamba ya nguo. "Mwenyewe kabisa, mwalimu?" akauliza, taratibu, kama anayempa nafasi ya pili.

"Mwenyewe. Nimekuwa nikijifunza polepole huko Keringet."

Mwanaume hasemi uongo kama huo ila kwa mwanamke anayetaka kumpendeza. Nikangoja aongeze hata "na mke wangu alisaidia." Hata hilo ningelipokea. Nikangoja wakiongea, nikangoja wakiagana, mpaka akarudi uso umemnawiri, akavuta kiti mezani.

"Amefurahi sana," akaniambia.