Bosi Ana Mafua

Jumatatu asubuhi nilimsindikiza shemeji yangu Ipogolo kuomba udereva kwenye kampuni moja ya malori. Getini wameandika kwa rangi nyekundu: KILA ANAYEINGIA ANAPULIZA, HATA BOSI. Shemeji ameteremka mlima wa Kitonga na lori miaka kumi na minane bila kukwaruza hata kioo, na sasa ana mwaka mzima hana kazi. Akapuliza kipima ulevi, kikasoma sifuri. Mlinzi akampigia saluti.

Mara akafika bosi wa ajira, anatafuna pipi ya minti. Sasa mimi pua yangu, wanaonijua wanajua, ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukigemwa Kilolo naunusa nikiwa Mbeya. Pipi ile haikunidanganya.

"Kamwene, bosi," shemeji akasalimia kwa adabu, akamnyooshea kifaa. "Zamu yako."

Bosi akarudi nyuma hatua moja. "Mimi nina mafua."

"Pole sana, bosi. Puliza kidogo tu, ukuta umesema."

Mlinzi akageuka kutazama barabarani, utadhani hajawahi kuona lori maishani.

Usaili ulichukua dakika mbili. Bosi alimtoa shemeji hadi mlangoni akisema, "Sifa unazo zote, ila hutaendana na utamaduni wa kampuni yetu."

Tukitoka, mlinzi akamnong'oneza, "Kaka, na wewe ungeugua mafua kidogo, kesho ungekuwa barabarani na lori."

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukikutana na lori linayumba kwenye kona za Kitonga, usimtukane dereva. Mpishe. Huyo ameendana na utamaduni.