Ufa wa Chumba cha Pili

Jumamosi, 11 Aprili 1987. Mvua tangu alfajiri.

Mpangaji wangu wa kwanza, mama mwenye mtoto mchanga, aliniita nione ufa ukutani. Asubuhi kidole kiliingia. Saa kumi kiganja kizima.

“Mzee, umenipa dirisha la pili bila kuongeza kodi?” alicheka. Mimi nilishindwa kucheka.

Fundi alinionya kwamba udongo mweusi wa huku Nyalenda huvimba ukilowa. Lakini tulichimba msingi kiangazi, ardhi ngumu kama mawe, nikamwambia, “Bwana, ukifika magotini inatosha.” Kosa si lake.

Niliogopa ukuta utamwangukia mtoto. Nikambeba mwenyewe. “Mama, toka! Vitu tutavifuata.”

Jioni tulikula ugali na omena sote sebuleni kwangu, tukisikilizia ukuta ule.