Skrambla na Buibui la Mama Mkwe

Wako watu mtaani Kibokoni, Mombasa, ambao mpaka leo nikipita barazani pao hunyamaza kwanza, kisha mmoja hukohoa, kisha wote hucheka, na mimi huongeza mwendo kama mtu mwenye haraka, kwa sababu siku ile nilijivunjia heshima mbele ya mtaa mzima na hakuna namna ya kuieleza itakayonifanya nionekane mtu mwenye akili. Basi nitaieleza kama ilivyokuwa.

Miaka ile ya tisini nilikuwa karani wa wakala wa kutoa mizigo bandarini, mtu wa makaratasi, lakini mikono yangu haikutulia. Mambo ya injini nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu vikuukuu vya ufundi, ukurasa kwa ukurasa, na niliposhika spana sikukisia: nilipima. Nilipata mnadani pikipiki moja ya Kijapani iliyochoka, nikaamua kuigeuza skrambla, yaani ile pikipiki ya kupanda vilima, iliyoinuka, yenye usukani mpana, magurudumu ya meno, na bomba la moshi lililopandishwa juu ubavuni ili lisizame katika maji na matope. (Mke wangu Salma aliniuliza Kibokoni kuna kilima gani.)

Kazi hiyo niliifanya katika banda la uani kwa mama mkwe, Bi Mwanaisha, maana sisi tulikaa orofani katika nyumba yake. Bi Mwanaisha alikuwa mpishi wa shughuli, mtu anayeitwa kila panapokuwa na harusi, na banda lile ndilo lililokuwa jiko lake. Aliniazima mpaka nitakapomaliza, nami sikumaliza, kwa sababu kila nilipofika mwisho niliona kitu hakikukaa sawa nikakifungua upya, na masufuria yake makubwa yakawa yamepangwa kwenye ngazi, tukipanda tunayaruka. Mwishowe akaniambia, kwa ule upole wake unaotisha kuliko makelele:

"Mwanangu, hiki chombo kina faida kwa mtu? Kama kina faida, nitakuachia banda nikapike kwengine. Kama hakina, nataka jiko langu."

Kwa hivyo tuelewane mapema. Siku ile nilikuwa nikipigania banda.

Bomba la moshi nililipitisha ubavu wa kushoto, kwa kuwa kulia ndiko iliko kiki ya kuwashia, na bomba linalochoma halifai kukaa karibu na mguu unaopiga kiki. Nikalifunika lote kwa kinga ya bati lenye matundu, kipande cha mbele kwa ajili ya mguu wa dereva na kipande cha nyuma kumalizia. Nikaijaribu. Nilikwenda Buxton nikarudi, siku nyingine nikaenda mpaka Kibarani nikarudi, kila nikisimama nagusagusa huku na huku kwa kitambaa kujua wapi panachoma. Ilikuwa tayari, na hapo nilikuwa sisemi uongo.

Asubuhi hiyo kulikuwa na harusi ya mpwa wake Bi Mwanaisha ng'ambo ya Likoni, na teksi aliyoiagiza haikutokea. Akateremka na buibui lake jipya la nailoni, jeusi linang'ara, na mfuko wenye nguo yake ya harusi na vikuba vya asumini vya bibi harusi, akasimama mlangoni mwa banda.

"Haya," akasema. "Nipeleke Feri, tuione faida yake."

Nilishtuka, lakini mshtuko wa furaha. Nilikuwa nimevaa kanzu yangu nyeupe, maana nami nilitakiwa nikahudhurie nikaha. Nikaiwasha pikipiki kwanza niisikilize, na pale pale nikasikia kile kipande cha nyuma cha kinga kinalia, chi-chi-chi, kama kijiko ndani ya kikombe. Nikawaza, mama mkwe akiusikia mlio huo atasema chombo kibovu. Nikachukua bisibisi, nikakitoa, nikakiweka juu ya meza. Kimya. Safi kabisa.

Huo ndio uamuzi wenyewe, na ulikuwa mdogo hivyo. Mimi niliyepima kila kitu sikuwahi kukumbuka kwamba pikipiki ile nimeijaribu peke yangu, na kwamba mwanamke wa kwetu hapandi pikipiki kwa kutanua miguu, hukaa upande, na miguu yote miwili huiteremsha kushoto.

Tukatoka. Alikaa nyuma bila ya kunigusa, ameshika chuma cha kiti, nami nikaendesha kama nimebeba mayai. Alikuwa akiamkia watu njiani! Tulipofika barabara kubwa nikamsikia anasema, "Kumbe chaenda," na wallahi nilivimba kifua, nikaanza kufikiria mahali nitakapoitundika rafu ya spana.

Tulipofika Feri, penye umati wa watu wanaosubiri kuvuka, nikasimama, na ndipo nikasikia harufu. Harufu ya kitu kinachoungua. Mimi, kwa utaratibu wangu, nikaanza na injini: nikainama nikatazama plagi, nikatazama nyaya, nikanusa klachi, mpaka muuza njugu mmoja akapiga kelele:

"Mzee wa kanzu! Watazama injini, na mama aungua huku nyuma!"

Nikageuka. Buibui lilikuwa limeyeyuka na kushikana na bomba, tangu pindoni mpaka karibu na goti, na moshi mwembamba unapanda. Yeye mwenyewe hakuungua, alhamdulillahi, nguo ilikuwa pana na mguu ulikuwa mbali.

"Mama, teremka!"

"Nateremkaje, nami nimeshikwa?" akasema. Kila akijivuta, buibui linavutika kama mpira na pikipiki inataka kumwangukia.

"Maji!" nikapaza sauti. "Maji jamani!"

Muuza maji ya ukwaju, mtu mwema sana, akaimwaga ndoo yake yote, nusu kwenye bomba na nusu kifuani kwangu. Bomba likalia shaaa, na nailoni ambayo ilikuwa laini ikaganda ngumu kama lakiri ya muhuri. (Ningeliiacha ikiwa moto nikaivuta taratibu ingelitoka. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo kitabuni. Nalijua. Na bado nilisema maji.) Sasa ilibaki kukata tu, na muuza mananasi alikuwa ameshaninyooshea kisu chake, na watu wameshatuzunguka, wengine wamepanda juu ya mizigo yao waone vizuri. Mama mkwe akaniinamia, akanong'ona:

"Usikate."

"Kwa nini, Mama?"

"Chini nimevaa shumizi tu. Nguo imo mfukoni. Nilisema joto, nitavalia huko huko."

Nilibaki na kisu mkononi. Huyu ni mama ambaye katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumwona kiwiko. Kwa dini mama mkwe ni maharimu wangu, kama mama mzazi, lakini kwa ada za nyumba zetu hata kikombe cha chai hatupeani mkono kwa mkono, huwekwa mezani kisha nikakichukua. Na sasa nilikuwa nimemfunga kwenye chuma, mchana, mbele ya Likoni nzima na Mombasa nzima.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa Kigiriama aliyekuwa akiuza mihogo. Alivua leso yake ya juu, akaita wenziwe, na kufumba na kufumbua wanawake wasiotujua kabisa wakafanya ukuta wa leso kumzunguka Bi Mwanaisha.

"Lete hicho kisu! Nawe mwanamume, geuka! Tazama bahari!"

Niliitazama bahari. Nyuma yangu nikasikia nguo inapasuka, na mtu anauliza kwa sauti kubwa kama huyo mwanamume ni dereva au ni nani, na sauti ya mama mihogo ikijibu, "Ati ni mkwewe!" na kicheko kikapita katika umati mpaka kule mbele kwenye lango.

Niliporuhusiwa kugeuka, Bi Mwanaisha alikuwa amejitanda leso mbili, mfuko wake kwapani, hanitazami. Lango lilikuwa limefunguliwa. Alinena neno moja tu, "Rudi nyumbani," akaingia kwenye feri na akina mama wale.

Pikipiki ikakataa kuwaka, ukwaju umeingia kwenye plagi. Nikaisukuma. Niliisukuma kutoka Feri, jua kali, nusu ya buibui jeusi imegandama ubavuni inaning'inia, na kanzu yangu ina madoa mekundu-kahawia tangu kifuani mpaka magotini. Mimi sikujiona. Nilichokiona ni ile shumizi ambayo sikuiona.

Nilipoukaribia mtaa wetu nikakutana na Athmani, jirani yetu, mshona kofia, amekaa nje ya duka lake. Akasimama, kofia ikamwanguka.

"Abdalla! Bi Mwanaisha yuko wapi?"

Nilijua nikifungua mdomo, habari ya shumizi itatoka yote. Nikatikisa kichwa tu, nikaendelea kusukuma.

"Amepatwa na nini?"

Nikajifuta uso kwa mkono wa kanzu. Athmani akapiga makofi ya huzuni, akasema "Innalillahi," akatoka mbio, nami nikadhani amechelewa jambo lake. Nikajificha kwenye kivuli cha kichochoro nikikwangua plagi, nikasubiri watu waingie msikitini kwa adhuhuri ili nipite bila ya kuonwa.

Nilipoingia mtaani, njia ilikuwa imejaa. Majamvi yametandikwa. Ndani wanawake wanalia. Ukutani mwa nyumba yetu limeegemezwa jeneza la msikiti, na kando ya mlango, njiani, vimerundikwa vitu vyangu vyote: jiliwa, spana, mikebe ya boliti, tangi la akiba. Banda lilikuwa limetolewa kila kitu na kuoshwa kwa sabuni, tayari kuoshewa maiti.

Nikajua ni Salma. Sikuwaza mtu mwingine. Nilimwacha mzima asubuhi, na niliona wazi kwamba mke wangu amekufa na mimi niko kichochoroni nakwangua plagi. Athmani akanikumbatia.

"Subira, Abdalla. Ni amri ya Mungu."

"Nani?" nikauliza. "Nani, jamani?"

"Masikini," mtu akasema nyuma yangu, "akili imeruka."

Mara Salma akatoka, yu hai, nikataka kucheka kwa furaha, naye akanirukia. "Umemuua mama yangu kwa machuma yako!"

"Mama yuko Likoni, harusini!"

"Na hili?" Akalivuta lile buibui kwenye bomba.

"Hilo limegandana tu."

"Na damu hii?"

"Ni ukwaju."

Watu wakatazamana. Nilijaribu kueleza, lakini jaribuni nyinyi kueleza jambo lile kwa utaratibu, mbele ya jeneza, bila ya kutaja shumizi. Nikamnyooshea Athmani pindo la kanzu. "Nusa!"

Akanusa. "Kweli," akasema, "ni ukwaju." Lakini alisema kwa ile sauti ya mtu asiyetaka kumuudhi mgonjwa. "Sasa tuambie taratibu, maiti iko hospitali gani?"

Simu za mfukoni hatukuwa nazo siku hizo. Wakatumwa watu wawili wakaangalie Likoni, na waliobaki wakabaki, kwani si adabu kuondoka matangani kabla ya kujua kama ni matanga. Nikakaa kwenye jamvi, karibu na jeneza la mtu aliye hai, nikipewa pole. Nilizipokea. Sikujua nizikatae vipi.

Alasiri, Bi Mwanaisha akatokea mwisho wa kichochoro, anatembea zake, amejitanda leso za watu, ananukia asumini. Wale wawili waliotumwa walipishana naye majini. Mwanamke mmoja akapiga ukelele akakimbilia ndani. Yeye akatazama majamvi, akatazama jeneza, akanitazama mimi.

"Nani amefariki?"

Athmani akaangalia vidole vya miguu yake.

"Bi Mwanaisha," akasema, "ni... ni wewe."

Mama mkwe akageuka polepole, akawapitia watu mmoja mmoja kwa macho, akafika kwa bibi mmoja mpishi mwenziwe ambaye walikuwa hawasemezani kwa miaka, na bibi yule macho mekundu kwa kulia.

"Na wewe ulikuja?" akamwuliza.

"Nilikuja," bibi yule akasema, akaanza kulia upya.

Bi Mwanaisha akaingia ndani, Salma amemng'ang'ania shingoni. Akapita uani. Akaliona banda, tupu, safi, sakafu bado ina maji. Akatoka tena mlangoni.

"Teremsheni masufuria yangu," akasema. "Watu hawa hawataondoka na njaa."

Wakala pilau usiku huo, wale wale waliokuja kumlilia, na ilipikwa bandani, nami nilipuliza moto. Banda halikuzungumziwa tena. Skrambla ilikaa chini ya ngazi, ikajaa vumbi, mpaka nikamwuzia mtu wa bara, na jambo pekee nililomwuliza ni kama ameoa.

Mama mkwe hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alichokuwa akinifanyia ni kuniita wakati wa chai, kikombe changu kimewekwa mezani, na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Hebu niambie tena. Yule mpishi mwenzangu alilia kweli, au alijifunika uso tu?" Nami humwambia kila nilichokiona, simfichi kitu, maana nimeapa kwamba mtu akiniuliza jambo, hata liwe la aibu kiasi gani, nitamjibu kwa mdomo, papo hapo, na mashahidi wakisikia, na kwamba sitampakia tena mama wa mtu kwenye chombo nilichokijaribu peke yangu.