Tangazo la sabuni lililotangulia vifo, na nepi ya mdogo wangu

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo nimeshaitikia.

Jana nimezima TV kwa hasira. Tangazo moja la juisi limepita mara sita ndani ya taarifa ya habari, na kila likianza sauti inapanda yenyewe. Mke wangu akauliza, "Sasa wewe juisi imekukosea nini?"

Nikacheka, nikakumbuka nyumbani Lushoto. Nawasimulia kama ilivyokuwa. Chumvi siongezi, nina presha.

Nimezaliwa kijiji cha juu kabisa, upande wa Vuga. Enzi zile za ujamaa TV hatukuijua. Redio ilikuwepo, ya duka la ushirika. Muuza duka alikuwa baba yangu, kachaguliwa na mkutano wa kijiji.

Jioni watu walijaa pale kwa kitu kimoja tu: matangazo ya vifo. Ndugu walikuwa wametapakaa Tanga, Dar, kwenye mashamba ya mkonge, na barua ilichukua wiki mbili. Redio ndiyo iliyokwambia nani katutoka.

Sasa, dakika moja kabla ya vifo, wanaweka tangazo la sabuni. Tuiite Fahari, jina lenyewe nimelibadilisha. Jamaa anacheka kicheko kirefu, halafu anasema, "Fahari! Nguo nyeupe pee!" Kicheko kinakatika, unapigwa muziki wa huzuni, vifo vinaanza.

Kila siku ya Mungu. Wakuu, nani alipanga vile?

Baba alikuwa mtu wa maendeleo. Aliuambia mkutano tuagize katoni nyingi, kwamba kitu kilichotangazwa redioni kitagombaniwa. Zikaja katoni nane, zimepandishwa mlima kichwani.

Miezi miwili ikapita. Hata mche mmoja haukutoka.

(Msichanganye na miaka ya foleni, bidhaa zilipoadimika, hii ni kabla. Baadaye tungeila hiyo sabuni.)

Aliyelikoroga ni bibi yangu, mama yake baba. Alisema hadharani pale pale dukani, "Nguo nyeupe anayoisema huyu ni sanda. Anawacheka wafiwa. Sabuni yake haivuki mlango wangu."

Akisema bibi, kijiji kimesema. Watu wakawa wanatembea mpaka soko la Lushoto kununua sabuni nyingine, na wakipita mbele ya duka wanamsalimia baba kwa adabu zote.

Kibaya zaidi, mkutano wa kuchagua muuza duka ulikuwa unakaribia, na wanong'onaji walishampata mwingine. Baba alilipenda lile duka jamani. Alilifagia mara tatu kwa siku. Akawa haongei nyumbani, chakula anakigusa tu, na mimi niliumia kumwona vile. Kugombana na bibi hakuweza, mama ni mama.

Wakati huo mama yangu alikuwa amejifungua mdogo wangu. Na ulikuwa msimu wa ukungu. Waliokulia milimani wanajua: nepi haikauki, unaianika juu ya moto jikoni, inatoka rangi ya chai na harufu ya moshi.

Mama akachoka. Bila kumwambia mtu akachukua mche wa Fahari, akafua, na jua lilipochomoza siku moja akaanika uani kamba nzima ya nepi nyeupe pee.

Bibi akaziona. Akazishika, akazinusa moja moja.

"Umefulia nini?"

Mama akasema ukweli. Nikajua leo kimewaka. Bibi akaanua nepi moja, akaikunja, akaondoka nayo.

Tuliiona tena siku ya mkutano. Walipofika ajenda ya duka, bibi akasimama, akaitandaza mezani mbele ya mwenyekiti. Aliongea Kishambaa, hapa natafsiri.

"Inuse, mwenyekiti."

Mwenyekiti akaangalia pembeni.

"Inuse, ni ya mjukuu wangu. Yule bwana wa redioni hana adabu, hilo silifuti. Lakini sabuni haikucheka. Nilikosea mimi. Mwanangu hana kosa."

Mwenyekiti akainusa, wakuu! Mkutano ukaangua kicheko, baba akainama akifuta macho. Akabaki na duka lake, na katoni zote ziliisha kabla ya mavuno ya mahindi.

Miaka mingi baadaye bibi alifariki, kashiba siku zake. Tukapeleka jina lake redioni, tukakaa dukani kusikiliza. Mara likaanza lile tangazo, jamaa na kicheko chake kilekile.

Baba akaanza kucheka. Mama akafuata. Tukacheka wote huku machozi yanatutoka, na jina la bibi likasomwa likapita, hatukulisikia.

Nilichojifunza: lile tangazo tulilisikia kila jioni na halikuuza hata mche mmoja. Kazi yote ilifanywa na nepi, na mwanamke mzima aliyekubali kusema nilikosea mbele za watu. Wenye juisi yao wapite hapa wasome.

Haya, na wewe mwenzangu, tangazo gani lilikukera mpaka leo unalikumbuka? Tiririka hapo chini.

NB: Asubuhi hii mke wangu kainunua ile juisi. Ni tamu. Bado najipa moyo wa kumwambia nilikosea.