Daftari la Misamaha Lisilo na Jina

Lori la alizeti lilinishusha mbele ya kituo cha afya nisichokijua, ng'ambo ya msitu wa Mgori, kwa sababu tairi lilipasukia hapo. Ilikuwa 1996. Dereva, Sultani, alivua shati akaanza kuhangaika na jeki. Mimi nikafuata sauti ya mwanamke aliyekuwa akifoka.

"Soma, Antipasi! Soma jina moja tu, nitanyamaza."

"Nisome nini, Daktari? Halina jina."

Antipasi alikuwa mtendaji wa kijiji. Mkononi alishika daftari la misamaha, wanamoandikwa wasioweza kuchangia matibabu ili watibiwe bure. Tangu uchangiaji uanze, miaka mitatu iliyopita, kurasa zilikuwa nyeupe.

"Basi hapa hakuna maskini," Daktari alisema. "Hongereni! Mmewapita Wazungu."

Huyo ndiye Hanifa Mselemu. Baba yake aliuza chumvi na kanga Singida mjini. Yeye alisomea udaktari Dar es Salaam, akarudi kutibu mkoani kwao. Miaka minane wodini aliona jambo lile lile: wagonjwa wanafika wamechelewa, na hakuna anayeandika kwa nini. Akaiacha wodi, akajiunga na taasisi ya utafiti inayowashauri wakubwa namna ya kuendesha huduma za afya. Ndugu zake walimcheka. "Daktari gani asiyechoma sindano?" Yeye akazunguka, Ulemo, Rungwa, kokote, akiuliza mgonjwa alipita wapi, alisubiri nini, nani alimrudisha.

Miaka hiyo maduka ya mjini yalikuwa yamejaa redio, mitumba na sabuni za kila rangi. Vituo vya afya navyo vilikuwa na dawa nyingi kuliko zamani, na vitanda vitupu.

Kwapani Hanifa alibana ripoti ambayo taasisi ilitaka aitie saini kabla ya Ijumaa, la sivyo mkataba wake umekwisha. Alinionyesha sentensi moja: "Katika vijiji kumi na viwili hakuna aliyeomba msamaha, wananchi wanamudu." Kwa sentensi hiyo uchangiaji ungeteremshwa hadi kila zahanati ya mkoa. Nimesoma ripoti za namna hiyo kwa lugha nne. Zote hudanganya kwa adabu.

Kwenye benchi alikaa mkulima, Petro. Mwezi Machi alimzika mkewe, Janeth. Mwanamke huyo alikuwa amekohoa wiki tatu nyumbani, hatua mia nne kutoka hapo.

"Kwa nini hukuomba msamaha?" Hanifa alimuuliza. Sauti ilikuwa bado ya ugomvi.

"Mpaka usimame kwenye mkutano wa kijiji, utamke kwamba huna."

"Ungetamka! Mdomo ulikuwa unauma?"

"Daktari, mkutanoni baba mkwe anakaa mbele. Nimempa ng'ombe nikachukua binti yake. Leo nisimame mbele ya watu nimwambie sina hata pesa ya kumtibu mwanawe? Angemchukua siku ile ile."

"Na angekuwa hai."

Petro aliinuka. Nilidhani atampiga.

"Nani alitunga hiyo sheria ya kusimama?" aliuliza. "Ana wakwe huyo mtu?"

Antipasi alikuwa amefokewa tangu asubuhi, hakuiacha nafasi hiyo. "Muulize Daktari. Jina lake lipo kwenye waraka wa uchangiaji."

Lilikuwepo. Mwaka 1993, ofisini, chini ya feni, Hanifa aliandika kwamba mwombaji ajitaje hadharani, ili wenye mali wasidanganye. Aliwawazia matajiri wa mjini, watu wa kwao. Wakwe hawakumjia kichwani.

"Ni mimi," alisema.

"Basi kaifute," Petro alisema.

Aliiweka ripoti juu ya benchi, akaikata ile sentensi kwa nguvu hadi karatasi ikachanika. Akaandika pembeni: "Hawakuomba kwa sababu kanuni iliwaaibisha. Kanuni hiyo niliitunga mimi." Akatia saini hapo, si kwingine.

"Watakufukuza," Antipasi alisema.

"Wanifukuze wakishasoma. Petro, nikuandike humu kwenye ripoti?"

"Mwandike Janeth. Mimi usinitaje. Baba mkwe anajua kusoma."

Hanifa aliandika jina hilo. Alikandamiza kalamu kwa hasira, na safari hii sikuona anayemkasirikia zaidi ya nafsi yake.

Sultani akapiga honi. Kwenye kebini nafasi ilikuwa moja, ile niliyokuja nimeikalia mimi.

"Wewe mgeni," Hanifa aliniambia, "Ijumaa kuna mtu anakusubiri?"

"Hapana."

"Basi shusha begi lako. Mimi taasisi inanisubiri."

Alipanda bila kuaga. "Endesha, Sultani! Tairi likipasuka tena nitakubebesha hilo lori."

Lori likaingia msituni. Nilikaa benchini kando ya Petro. Mbele yetu Antipasi alikuwa amelifungua daftari ukurasa wa kwanza, akiniomba kalamu aandike jina la kwanza bila kungoja mkutano.