Nilijaza Fomu za Manesi Nikiwa Hotelini

Makosa ni yangu. Nisitafute wa kulaumu, hata mvua.

Miaka ya themanini nilikuwa karani wa afya Nyeri. Ofisi ililetewa kompyuta ya kuwasaidia wakubwa kuamua dawa ziende wapi na lini. Nikatumwa Kirinyaga na fomu, kuwauliza manesi wa vituo vya afya wanahitaji nini, majibu yaingizwe kwenye mashine hiyo.

Nilinunua tai! Nikajiita mtaalamu!

Kufika Kerugoya, mvua ikaanza. Nikaingia hoteli, nikaagiza chai na mandazi. Nikaangalia viatu vyangu vipya, nikaangalia matope. Basi nikajaza fomu zote mwenyewe, pale pale mezani. Barabara: nzuri. Dawa: kila miezi mitatu inatosha. Ningejuaje? Sikujua hata harufu ya vituo hivyo!

Bosi alinisifu kwa haraka yangu. Nami nikakubali sifa, mjinga mimi.

Mvua ndefu zikaja. Kituo kimoja juu ya Kianyaga kikaishiwa penisilini, na watoto wanakohoa. Lori la dawa likazama njiani, kwenye ile barabara yangu "nzuri". Akina mama wakabeba watoto mgongoni, kwa miguu, mpaka hospitali. Hakuna aliyekufa, lakini si kwa akili yangu.

Wiki iliyofuata nesi wa kituo hicho, mama wa makamo, akaingia ofisini, gambuti zimejaa matope miguuni.

"Nani alisema aliongea na mimi?"

Nikasimama.

"Ni mimi, Sista. Lakini sikufika."

"Ungefika ningekwambia. Majani chai ikiwa mingi, akina mama wako shambani. Hawaleti mtoto mpaka azidiwe. Hiyo miezi ndiyo nataka penisilini mara mbili. Hiyo mashine yako inajua hiyo?"

Haikujua. Fomu yenyewe haikuwa na swali hilo! Ati mtaalamu!

Nilinyimwa cheo, nikapelekwa chumba cha mafaili. Wenzangu wakaniita Bwana Barabara Nzuri miaka mingi. Jina lilinikaa vizuri kuliko ile tai.

Ninyi mnaotumwa na fomu, nawasihi: fikeni. Keti kwenye benchi la nesi, ngoja amalize foleni yake, ndipo uulize. Na akikwambia jambo ambalo halina nafasi kwenye karatasi, andika pembeni. Andika hilo kwanza!